Anselmi na Hewa ya Wote

Wasifu uliosomwa kaburini ulikuwa nusu ukurasa. Niliuandika mimi asubuhi ya mazishi, karatasi ikiwa juu ya goti, kwa kalamu ya kuazima, na mwenyekiti wa jumuiya akausoma harakaharaka kwa sababu mawingu yalikuwa yameshashuka hadi kwenye migomba. Ulisema kwamba marehemu Anselmi alizaliwa Kidunga mwaka 1978, akabatizwa mwaka huohuo, akafunga ndoa na Lucy ambaye alitangulia mbele za haki, hawakujaliwa mtoto, akafanya kazi ya ufundi, akaugua moyo, akafariki. Hakuna uongo ndani yake. Lakini tangu siku ile najisikia kama mtu aliyemfungia msafiri mzigo akasahau kuweka chakula. Padri ameniambia niandike upya, bila haraka, karatasi ikae pamoja na kumbukumbu za parokia. Mimi ni Angelina, mdogo wake, tumenyonya ziwa moja. Elimu yangu ni kidato cha nne. Nitaandika nilichokiona.

Kidunga iko juu ya Matombo, mahali ambapo gari hufika kiangazi tu, na hata kiangazi dereva hulalamika. Bibi yetu mzaa mama ndiye aliyekuwa akishika zamu za mfereji. Mfereji ule hutoa maji kwenye kijito cha msituni na kuyapitisha pembeni mwa mlima hadi kwenye bustani za maharage na kabichi, na kila nyumba ilikuwa na zamu yake, iliyopimwa kwa kivuli cha jiwe. Aliyefungua maji nje ya zamu alikosa zamu iliyofuata. Bustani ya misheni nayo ilikuwa na zamu. Mwaka mmoja wa ukame katekista alifungua maji siku isiyo yake, akasema ni kwa ajili ya mboga za masista. Bibi alishuka na jembe, akaziba kwa tope, akamsalimu vizuri, akamwambia kwamba maji hayaulizi mboga ni za nani. Jumapili alikwenda kanisani akakaa benchi lake la siku zote. Anselmi alipenda kusimulia kisa hicho. Alikisimulia sana, na bado kilimpita siku alipokihitaji.

Ufundi alijifunzia mjini Morogoro, kwenye kibanda kimoja upande wa Kilakala. Alianza na redio za kaseti, akaja kwenye simu na visimbuzi, mwisho akaingia kwenye dishi za intaneti. Alikuwa mtu wa kunyamaza. Mteja akieleza shida yake, yeye alisubiri hadi amalize, kisha akasubiri tena kidogo, kana kwamba bado kuna neno njiani. Wengi walidhani ni mzito wa kuelewa. Lucy peke yake ndiye aliyeuelewa ukimya ule, na alipofariki mwaka 2019 kaka yangu alifunga kibanda, akapandisha vyombo vyake mlimani, akarudi kwenye ardhi ya ukoo wa mama, ambako mtu wetu hafukuzwi.

Zahanati ya parokia hapa Kidunga ina muuguzi mmoja, Nesi Hosiana, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyezoea ubaridi wetu. Daktari yuko mjini. Masika barabara ikikatika, kati ya Hosiana na daktari kuna mlima, tope na Mungu. Mfadhili mmoja wa parokia alipotoa dishi ndogo nne na betri za sola, padri akamwita Anselmi. Alifunga mbili kwenye Kilima cha Msalaba, mahali tunapopanda Ijumaa Kuu. Moja ikatazama chini kwenye zahanati, nyingine ikatazama mnara ulio tambarare, ambao unatuunganisha na mjini, na mbili zilizobaki akazifunga huko chini, zahanati na mnarani. Ilimchukua wiki tano. Tangu hapo, kila siku saa nane mchana, Nesi Hosiana alikaa mbele ya kompyuta, na daktari wa mjini akawaona wagonjwa wetu kwenye kioo: mimba iliyokaa vibaya, kidonda kisichopona, mtoto anayepumua kwa shida. Saa moja tu kwa siku, kwa sababu daktari naye ana foleni yake.

Nilimuuliza siku moja, nikiwa namenya ndizi, kama anga lile amelilipia. Akaniambia hapana. Alisema serikali imegawa hewa kama inavyogawa viwanja: hapa redio, hapa simu, hapa ndege, na kila mmoja ana hati yake. Lakini wameacha kipande kimoja wazi, cha wote, kama uwanja wa kijiji. Anayetaka anaingia, ilimradi hapazi sauti kupita kiasi kilichowekwa. Haombi leseni. Na kwa kuwa hana leseni, akisumbuliwa hana pa kushtaki.

"Sasa si watapigana?" nikauliza.

"Vifaa vyenyewe vina adabu," akasema. "Kila kimoja kinasikiliza kabla ya kusema. Kikisikia mwenzake anasema, kinanyamaza. Mwenzake akimaliza hakirukii, kinasubiri tena kidogo, muda wa kubahatisha, ili wawili waliokuwa wanangoja wasianze kwa pamoja."

"Kama wewe."

"Kama mimi," akasema, na ndiyo mara ya kwanza nilimwona akitabasamu tangu tulipomzika Lucy. Kisha akaongeza kwamba adabu hiyo ina mpaka. Vifaa viwili vikitenganishwa na mlima havisikiani. Kila kimoja kinadhani hewa ni shwari, vyote vinasema, na yule aliye kileleni anayesikia pande zote mbili hapati neno hata moja. Hapo, alisema, inabidi watu wenyewe wakae wakubaliane.

Watu wenyewe walikuja mwaka 2023. Wa kwanza alikuwa Maneno. Huyu ni mtu wa Matombo, mcheshi, ana duka la simu, na aliweka dishi zake upande wa mashariki wa kilima ili kuwauzia waifai wanunuzi wa ndizi na viungo, ambao wanataka kujua bei ya Dar kabla hawajafungua mdomo. Wa pili alikuwa Kasiani, mtoto wa mama yetu mdogo, ambaye aliweka zake upande wa magharibi, akawauzia walimu na vijana wanaotazama mpira. Wote walikuwa kwenye hewa ileile ya wote, na wote walikuwa na haki. Anselmi aliwapandisha kilimani mwenyewe akawaonyesha pa kufunga.

Kufikia mwaka uliofuata saa nane ikaanza kuwa saa ya mateso. Uso wa daktari ulikwama mdomo wazi. Sauti ilikatika katikati ya jina la dawa. Hosiana alimpigia Anselmi, Anselmi alipanda, akageuza dishi kidogo, ikatulia wiki moja, ikaharibika tena. Wakati huo miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba. Njia aliyoipanda zamani kwa saa moja sasa aliipanda kwa mbili na nusu, na akifika juu alikaa chini ya msalaba muda mrefu kabla ya kugusa kitu. Nilikwenda naye mara nyingi nikibeba begi la vyombo. Nilikuwa nachoka mimi, sembuse yeye.

Sasa niseme jambo ambalo asiye wa huku huenda lisimwingie. Maneno ni mtani wetu. Ukoo wake na ukoo wetu zimetaniana tangu enzi za mababu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na ukacheka. Anaweza kuingia jikoni akaondoka na sufuria. Ukifiwa, yeye ndiye anayechimba kaburi, na yeye ndiye anayeleta vituko msibani ili watu wasife kwa huzuni. Mtani hakasirikiwi. Na kwa kuwa hakasirikiwi, anachosema hakibebwi nyumbani. Kinaachwa palepale kiliposemwa.

Kwenye ubatizo mmoja Maneno alisimama na kikombe mkononi akamwambia Anselmi, mbele ya watu wote, "Mtani, hicho kidude chako cha kanisa kinapiga kelele kama mlevi kwenye misa. Sisi wengine tunanong'ona tu huko nje."

Watu wakacheka. Anselmi akacheka, akamjibu kwamba ukoo wao haujawahi kunong'ona hata wanapoiba kuku. Mara ya pili ilikuwa gulioni, Maneno akiwa juu ya gunia la mdalasini. Alisema mtani wake ameinunua hewa yote kwa sala, sasa Waislamu kama yeye watapumulia wapi. Mara ya tatu ilikuwa kwenye msiba wa mzee mmoja wa huku juu. Kila mara tulicheka. Kila mara kaka yangu alirudi nyumbani akifurahi kwamba ana mtani asiyechoka.

Mwezi wa nne mwaka huu mvua ilikata barabara kwenye daraja la chini. Siku ya Jumatano, Catherine, mke wa kijana mmoja wa jirani zetu, alikuwa zahanati tangu alfajiri na uchungu usiosogea. Saa nane Hosiana alifungua kompyuta. Daktari alionekana, akauliza swali moja, akaganda. Hosiana alijaribu hadi saa tisa na dakika kumi, na simu ya daktari nayo haikupatikana. Baadaye wanaume walimweka Catherine kwenye machela wakashuka naye. Yeye alipona. Mtoto alizaliwa njiani, karibu na daraja, na hakulia.

Hakuna aliyesema kwamba ni kosa la mtandao. Daktari mwenyewe alisema kwa simu, siku mbili baadaye, kwamba labda angewaambia washuke mapema, labda isingesaidia. Lakini Anselmi alivaa viatu, akashika fimbo, akashuka hadi Matombo kwa miguu ile, nikimfuata nyuma kwa sababu sikuamini kwamba atafika. Alipoingia dukani kwa Maneno hakuamkua. Alimwambia kwamba amepandisha dishi zake kupita kiasi, kwamba anaifunika zahanati, na kwamba mtoto amekufa.

Nilingoja Maneno aseme mzaha. Hakusema. Alivuta kiti akamkalisha kaka yangu, akafunga mlango wa duka, akafungua kompyuta ndogo aliyokuwa akiitumia kupimia mawimbi. Kulikuwa na picha ya hewa yetu: vilima viwili vyembamba, pande mbili za kioo, na katikati mlima mmoja mpana uliokuwa umevifunika vyote viwili kutoka mwisho hadi mwisho. Maneno aliweka kidole juu ya ule mlima.

"Huyu ni wewe, mtani," akasema. "Nilikuambia mara tatu."

Kaka yangu aliitazama picha ile, wala hakuuliza imepimwaje. Ndipo nikaelewa kwamba alikuwa anajua. Hakuwa anajua kwamba madhara yamefika huko, lakini alijua alichofanya.

Aliniambia tukiwa tunarudi, kwa vipande, kila tulipopumzika. Mtandao ulipoanza kukatika mwaka uliopita, alikuwa amekiambia kifaa cha zahanati kwamba kiko nchi nyingine, nchi ambako sauti kubwa zaidi inaruhusiwa. Kikakubali, vifaa huamini unachoviambia. Kisha akakipa njia pana ya mawimbi, mara nne ya ile iliyokitosha. Mwisho akakiweka kwenye mtindo wa kutosubiri: kiseme kwa saa yake, awepo mwingine asiwepo. Alifanya hivyo kwa sababu ilikuwa zahanati. Maneno na Kasiani walipoona wateja wao wanakosa, nao wakapandisha. Yeye akaongeza tena. Kufikia mwezi wa nne kila mmoja alikuwa anapiga kelele kwa nguvu zake zote, na hakuna aliyesikika.

"Nilifikiri kwa kuwa ni kwa ajili ya wagonjwa, Mungu amenipa zamu zote," alisema. Alikuwa amekaa kwenye jiwe, mikono juu ya fimbo. "Na bibi alimzuia katekista mbele ya macho yangu, Angelina. Nilikuwa nimesimama pale."

Keshokutwa yake tulipanda kilimani. Ilituchukua saa nne. Nilimwambia atoe maelekezo, mimi nitabonyeza, akakataa. Alitaka kubonyeza mwenyewe. Alikirudisha kifaa Tanzania. Alipunguza nguvu hadi kiwango kinachoruhusiwa, akaifanya njia iwe nyembamba, akarudisha ile adabu ya kusikiliza. Halafu tukampigia Hosiana. Alisema mtandao umekufa kabisa. Anselmi akasema anajua. Wenzake wawili walikuwa bado juu. Aliyeshusha sauti peke yake katikati ya wanaopiga kelele hasikiki.

Alikuwa ameandika karatasi, mwandiko wake ule wa herufi kubwa. Ilikuwa na mambo mawili. La kwanza, hewa igawanywe njia tatu nyembamba, kila mmoja na yake, wasigongane. La pili, saa nane hadi saa tisa mchana Maneno na Kasiani wapunguze mzigo, wateja wa mpira na wa bei wangoje, zahanati ipite. Na saa nyingine zote zahanati isidai chochote zaidi ya njia yake. Aliwapelekea kila mmoja nakala. Hakuwalaumu. Alianza kwa kueleza alichofanya yeye, hadharani, na kwa Kasiani alieleza mbele ya mke wake na wateja wake.

Maneno alisema yuko tayari, Kasiani akianza. Kasiani, ambaye ni ndugu yetu wa damu, alisema yuko tayari, Maneno akianza. Kila mmoja alikuwa na hofu moja: akishusha leo na mwenzake asishushe, kesho wateja wamehama. Sikuwaona kuwa watu wabaya. Hata Anselmi aliyekuwa mtu wa sala aliogopa hivyohivyo mwaka mzima, na alikuwa haogopi kwa ajili ya tumbo lake.

Zikapita wiki saba. Sitaki kuziandika kwa kirefu. Nesi Hosiana alikuja nyumbani mara mbili. Mara ya kwanza aliomba. Mara ya pili alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka haombi.

"Rudisha kama ilivyokuwa, Anselmi," alimwambia. "Angalau siku nyingine tulikuwa tunamwona daktari nusu saa. Sasa hatumwoni kabisa. Adabu yako inanisaidia nini mimi?"

Alimjibu polepole kwamba nusu saa ile ilikuwa inapungua kila mwezi, na kwamba akirudisha, wenzake hawatashusha tena maisha yao yote. Hosiana alikunywa chai yake akaondoka. Nilimsindikiza hadi kwenye mfereji, na niliporudi nami nikamwambia kaka yangu vilevile. Nilimwambia kwamba toba yake inawagharimu watu wengine. Nilisema neno hilo, na nimeungama kwa kulisema, na bado linanirudia wakati wa rozari. Yeye alisikiliza hadi nikamaliza, akasubiri kidogo, akasema tu kwamba tusali. Tukasali. Wiki ya pili ya Juni hakuweza tena kulala chali. Alifariki siku ya Alhamisi saa nne asubuhi, akiwa ameegemea ukuta upande wa jua, na mtandao wa zahanati ukiwa kimya.

Kaburi lilichimbwa na Maneno na ndugu zake, kama ilivyo desturi. Watani walikuja tangu mapema wakafanya yao: mmoja akalala mlangoni akidai hapiti mtu, mwingine akatembea na ufagio wetu. Sikuwa na nguvu za kucheka. Baada ya misa, mwenyekiti aliposoma ule wasifu wangu wa nusu ukurasa na jeneza likawa linapelekwa kwenye shimo, Maneno akatokea kati ya migomba. Alikuwa amevaa mkanda wa kazi wa Anselmi wenye bisibisi na koleo, na kofia yake ngumu ya njano. Akasimama kwenye ukingo wa kaburi, akaweka kiganja nyuma ya sikio, akainamisha kichwa. Akakaa hivyohivyo, kimya, muda mrefu, mpaka wabebaji wakasimama. Alikuwa Anselmi kabisa. Hata kule kusubiri kwake kwa mwisho, baada ya mteja kumaliza, alikuigiza. Nikasikia wanawake nyuma yangu wanacheka na kulia kwa pamoja, na mimi pia.

"Huyu hashuki," Maneno akasema. "Amesikiliza, amekuta huku kuna makelele. Anangoja hewa itulie."

Wazee wetu wakaanza kutafuta cha kumpa, kuku au chochote, kwa sababu mtani akizuia jeneza hupewa akapisha. Maneno akakataa kwa mkono. Akatoa simu mfukoni, ile anayoongozea dishi zake kutoka mbali, akaiinua watu waione, akabonyeza hapo hapo kwa kidole kilichojaa udongo wa kaburi, akasoma kwa sauti alichofanya: amepunguza nguvu, amehamia njia nyembamba, ile ya kwanza kwenye karatasi ya marehemu. Kisha akamgeukia Kasiani, aliyekuwa miongoni mwa wabebaji, bega lake chini ya jeneza.

"Mimi nimekwisha toa changu. Sasa nadai kutoka kwa wafiwa," akasema. "Mtani, simu unayo, au nikuvulie suruali nikuchukulie?"

Watu wakacheka tena. Lakini kila mtu wa ukoo wetu alijua kwamba hapo pana mwisho. Anachodai mtani kaburini hakikataliwi, na anayekataa anabaki na maiti juu ya bega. Padri alikuwa ameshika kitabu, kidole kikiwa katikati ya kurasa, na hakuharakisha mtu. Kasiani alimpa mwingine nafasi yake chini ya jeneza. Akafuta mikono kwenye shati. Ilimchukua muda, alikosea neno la siri mara ya kwanza, mvua ikaanza kudondoka moja moja juu ya kioo cha simu. Akamaliza, akampa Maneno aone. Maneno akatazama, akavua ile kofia, akaiweka juu ya jeneza, na wakashuka naye kaburini wote wawili, mmoja upande wa kichwa, mmoja upande wa miguu.

Sikuuliza kitu juu ya zahanati kwa siku kadhaa. Tulikuwa na matanga, wageni, maji ya kuchota. Jumatatu iliyofuata nilipita pale saa nane na robo nikipeleka sahani za watu. Mlango wa chumba cha Hosiana ulikuwa wazi kidogo. Nilisikia sauti ya mwanamume inauliza ujauzito una wiki ngapi, na Hosiana akajibu, na sauti ikauliza jingine. Picha haikuwa nzuri. Niliona uso wa daktari umekuwa vipande vipande kisha ukajikusanya. Lakini swali lilifika na jibu likaenda, mpaka saa tisa. Hosiana alipotoka aliniona nimekaa kwenye benchi la wagonjwa, akakaa kando yangu.

Siku ya kuondoa tanga wazee waliketi kugawa vitu vya marehemu. Maneno alipewa mkanda, ni haki yake. Karatasi ya njia tatu na begi la vyombo wakanipa mimi, kwa sababu niliwahi kulibeba. Nilisema sijui kazi ile. Mjomba akasema bibi naye hakuwahi kusomea maji.

Basi kila Jumatatu napanda. Maneno alinifundisha kusoma ile picha ya vilima. Mwezi wa nane nilikuta kilima cha Kasiani kimenenepa. Kulikuwa na mechi kubwa, akaongeza, akasahau kurudisha, au hakusahau. Nilishuka hadi kwake, nikakaa, nikanywa uji, nikamwonyesha. Akapunguza bila maneno mengi. Mwezi wa tisa ilikuwa zamu ya Maneno, naye nikamfuata hadi Matombo, akaniita mwizi wa hewa, akapunguza. Nimejifunza kumuuliza, kila anaponitania, kama hilo ni la kuacha hapo au ni la kubeba nyumbani. Huwa ananijibu.

Magoti yangu yanauma siku hizi wakati wa kushuka. Nikifika kilimani nasali fumbo moja la rozari chini ya msalaba kwa ajili ya kaka yangu, na jingine kwa ajili ya mtoto wa Catherine ambaye hakupewa jina, kisha nafungua begi. Namwomba Mungu ampumzishe Anselmi panapo amani. Leo ni Jumapili. Kesho, mvua ikikatika, nitaondoka saa moja asubuhi ili niwe nimemaliza kabla ya saa nane.